Nishani Si Mali ya Ikulu

Hapa Rau, mjini Moshi, zikitajwa nishani za taifa, iwe kijiweni au nje ya kanisa baada ya ibada, jambo moja huwa limeshakubaliwa kabla mazungumzo hayajaanza: nishani ni zawadi ya Rais. Yeye ndiye aliyemkumbuka fulani, yeye ndiye wa kushukuriwa, na aliyevishwa anatarajiwa aone haya kumkosoa maisha yake yote. Hii ni imani potofu, na inatugharimu kuliko tunavyodhani.

Rais huvisha nishani kwa kuwa ni Mkuu wa Nchi, anayetenda kwa niaba yetu sote. Mzee anayegawa pombe ya mbege kwenye sherehe hakuipika yeye. Anaigawa kwa niaba ya ukoo, na kila anayepokea kata analijua hilo. Wakenya wameliandika wazi katika Katiba yao ya 2010, ibara ya 132: Rais hutunuku heshima kwa jina la wananchi na la Jamhuri. Kwetu Tanzania mpaka huo kati ya cheo na mtu unahitaji kulindwa zaidi, maana Mkuu wa Nchi ndiye pia mwenyekiti wa chama tawala. Tukishaifanya nishani kuwa hisani ya mtu, kesho itakuwa hisani ya chama.

Mlima Kilimanjaro unaotutazama kila asubuhi unayajua mambo haya. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alifika kileleni mwa Kibo akakiita kilele hicho kwa jina la Kaisari Wilhelm, mkuu wa nchi yake, ambaye hakuwahi kukanyaga hata miguuni pa mlima. Utawala wa Kaisari huyohuyo ulimnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachaga, hapo Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Kisha ukaja uhuru, Desemba 1961. Luteni Alexander Nyirenda akapandisha bendera na Mwenge, na kilele kikaja kupata jina jipya. Mkuu wa nchi ya Tanganyika siku ile, kisheria, bado alikuwa Malkia wa Uingereza. Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, na umaarufu wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba jina lake lingepita bila ubishi. Kilele kikaitwa Uhuru. Heshima kubwa kuliko zote tulizowahi kutoa katika ardhi hii haikupewa mtawala yeyote, awe mgeni au wetu.

Wapo watakaosema lazima awepo mtu wa kutoa uamuzi wa mwisho, na Rais amechaguliwa na watu. Sawa, auweke mkono wake. Lakini kuamua si kumiliki. Mtazameni Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya. Januari 1999, chini ya Rais Moi, alipigwa akaumizwa kichwa alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura uliokuwa unamegwa. Sisi tunaoishi kando ya Msitu wa Rau, tunaoona maji ya mto yakishuka hadi mashamba ya mpunga, tunaielewa kazi ile bila kuelezwa. Kibaki akaingia madarakani mwishoni mwa 2002, na mwaka 2003 mama huyo akavishwa nishani ya taifa. Karura ilikuwa ileile na miti ileile. Kama nishani ni zawadi ya Rais, basi itatubidi tukubali kwamba kazi yake haikuwa na thamani mpaka Ikulu ilipopata mpangaji mwingine. Mimi sikubali. Wakenya walikuwa na deni kwake miaka yote ile, na mtu mmoja alikuwa amezuia lisilipwe.

Imani hiyo hiyo ndiyo inayofanya kukataa nishani kuonekane matusi. Mwandishi Chinua Achebe aliikataa nishani ya Nigeria mwaka 2004, akaikataa tena 2011, kwa sababu ya hali ya nchi yake. Aliyeona hapo dharau kwa Rais alikuwa ameshamkabidhi Rais kitu ambacho ni cha Wanigeria wote.

Kinachoniuma zaidi ni wale tunaowakosa. Mtu akiamini heshima hutoka kwa mkubwa, atatafuta ukaribu na mkubwa. Wagumu wanaobeba mizigo ya wageni hadi kambi za juu, waongoza watalii wanaomshusha mgonjwa usiku kwenye baridi ile, wazee waliotunza mifongo, mifereji yetu ya maji, ili maji yamfikie kila mtu kwa zamu, hawa hawaonekani kutoka Dodoma. Wanaonekana kutoka hapa. Basi mapendekezo ya majina yaanzie ofisi ya kata, Rau na kwingineko, yapokelewe kutoka kwa mwananchi yeyote. Majina yatangazwe wiki kadhaa kabla, kila moja na kazi aliyoifanya mwenye jina hilo, ili mwenye pingamizi aseme mapema. Na siku ya kuvishwa, mtunukiwa akipewa kipaza sauti, aachwe huru kumkosoa hata aliyemvisha.