Wanafunzi wa udaktari nao waliiogopa chanjo

HUDHANIWA kwamba anayesomea udaktari hawezi kuitilia shaka chanjo. Uganda ilidhihirisha vinginevyo.

Mnamo Machi 2021, nchi hiyo ilipoanza kutoa chanjo ya Covid-19, watafiti waliwahoji wanafunzi 600 wa udaktari. Ni asilimia 37 pekee waliokuwa radhi kudungwa. Sababu kuu ya waliokataa ilikuwa hofu kuhusu usalama wa chanjo yenyewe.

Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Mwezi huo huo Ujerumani, Ufaransa na Italia zilisitisha kwa muda AstraZeneca, ile ile iliyopelekwa Kampala, kutokana na visa vichache vya damu kuganda. Wakaguzi wa dawa wa Ulaya walitangaza Machi 18 kuwa manufaa yake yalizidi hatari, lakini tangazo la aina hiyo halienei kwenye simu kwa kasi ya uvumi.

Wanafunzi hao wanafahamu vyema jinsi kinga ya mwili inavyofanya kazi. Pengine wasichofunzwa kwa kina ni namna chanjo mpya inavyochunguzwa, na uzito wa athari inayompata mtu mmoja kati ya makumi ya maelfu. Mgonjwa wodini humwuliza mwanafunzi huyo swali hilo hilo kabla hajamwona daktari bingwa.