Maniema: Uzee wa ndege si kosa, kosa ni daftari la uongo

Mkaaji wa Lokandu anayetaka kumpeleka mgonjwa wake mbali huanza kwa kutafuta mtumbwi au pikipiki ya kumfikisha Kindu. Akifika Kindu, barabara za kutoka humo zinamkatisha tamaa, hasa wakati wa mvua. Mwenye haraka anabaki na ndege tu. Na kwenye viwanja vidogo vya jimbo letu, kama vile Punia, Kalima na Kasongo, ndege hiyo inaweza kuwa ndogo, ya mtu binafsi, yenye umri kuliko rubani wake.

Kila ajali inapotokea, tunasikia kelele ileile: ndege kuukuu zipigwe marufuku. Sikubaliani. Cessna 206 iliyoundwa kabla ya 1986 ina karibu miaka 40 au zaidi, lakini ikitunzwa inaruka salama. Nyingine za umri huo zinaruka hadi leo Marekani na Kenya. Tofauti iko kwa fundi na kwenye daftari lake.

Kazi yenyewe inajulikana. Kila saa 50 hivi za kuruka, mafuta ya injini hubadilishwa, na fundi mwangalifu hupasua kichujio kutafuta vumbi la chuma, maana chuma humo ni injini inayojila yenyewe. Kila saa 100, ndege hufunguliwa na kukaguliwa: nyaya, breki, nyufa, kutu. Injini ya pistoni hushushwa na kufanywa upya baada ya saa 1,700 au 2,000 kulingana na aina yake, na watengenezaji hushauri isipite miaka 12 hata kama haikuruka sana. Katika unyevu wa msitu wetu, ndege iliyolala huoza kuliko inayofanya kazi. Na mafuta yakitoka kwenye pipa, lazima yachujwe, kisha maji yatolewe chini ya tangi kabla ya kuruka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye ubawa wa ndege, aliyeuacha ufa hapati nafasi ya kujenga chochote.

Naelewa shida ya mwenye ndege. Vipuri vinatoka ng'ambo, ushuru ni mzito, na kufanya injini upya kunaweza kugharimu karibu bei ya ndege nzima. Ndipo anaposhawishika kung'oa kifaa kwenye ndege iliyokufa, kisicho na karatasi, au kuandika saa chache kuliko zilizoruka. Hapo ndipo abiria anapoanza kufa, ingawa bado yuko nyumbani anafunga mizigo.

Serikali yetu imezoea kuadhibu baada ya mazishi. Oktoba 2007, Antonov 26 ilipoangukia nyumba za watu Kimbanseke, Kinshasa, waziri wa uchukuzi alifukuzwa. Novemba 2019, Dornier 228 iliangukia nyumba Goma na kuua zaidi ya watu 20. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeyafungia anga yake mashirika ya ndege ya Kongo, ukitaja hasa udhaifu wa usimamizi.

Basi tuanze kabla ya ajali. Kwanza, mamlaka ya usafiri wa anga iweke Kindu mkaguzi anayefungua daftari na kulilinganisha na ndege yenyewe, bila kungoja bahasha. Pili, vipuri vyenye karatasi halali vipunguziwe ushuru, ili ukweli uwe rahisi kuliko udanganyifu. Tatu, tarehe ya ukaguzi wa mwisho na saa zilizobaki kabla ya ukaguzi ujao zibandikwe pale tiketi inapouzwa.

Mama wa Lokandu hawezi kukagua injini. Lakini tarehe anaisoma, au atasomewa na mwanawe. Ikiwa imepita, ana haki ya kurudishiwa pesa zake, na hakuna mtu wa kumwita mwoga.