Fedha za Ujenzi Zifike Kabla ya Mvua

Kila mwaka, ifikapo mwisho wa Juni, Bunge la Jamhuri ya Muungano humaliza mkutano wake wa bajeti mjini Dodoma, na waheshimiwa wabunge waliotoka Unguja na Pemba hufunga mizigo yao kurejea nyumbani. Katika wiki hizo hizo, kwenye miji midogo iliyo jirani na makao makuu ya nchi, kama vile Mvumi, Kongwa, Mpwapwa na Bahi, Wakristo wa parokia ndipo kwanza wanaanza msimu wao mkubwa wa kazi. Mambo hayo mawili hutendeka mkoa mmoja, lakini kwa maoni yetu hayajapata kukutanishwa ipasavyo. Leo tunapenda kueleza kwa nini yakutanishwe, na kwa nini jambo hili linatuhusu hata sisi tulio ng'ambo ya bahari.

Msomaji wa visiwani asikiapo neno kiangazi hufikiri Januari na Februari, wakati wa kaskazi na jua kali. Uwanda wa juu wa kati una kalenda nyingine. Dodoma iko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ni ya msimu mmoja tu. Huanza mwishoni mwa Novemba au mwezi wa Desemba, ikaisha Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kiasi cha milimita 550 hadi 600, chini ya nusu ya ile inyeshayo Unguja. Baada ya hapo mbingu hufungwa. Kiangazi cha huko, basi, ni Mei hadi Novemba, na asubuhi za Julai zina baridi ya kumfanya mtu wa Wete aulize kama hoteli ina blanketi la pili.

Sisi tuna masika na vuli, na mkulima wetu ni nadra kupata mwezi ambao jembe linalala kabisa. Mkulima wa Ugogo huvuna mtama, uwele, karanga na alizeti zake, akaweka nafaka ghalani, kisha ana miezi kadhaa ya nafasi. Ndiyo miezi ya harusi na ya jando. Ndiyo miezi ambayo askofu huweza kuyafikia makanisa ya mbali kwa ajili ya kipaimara, kwa sababu makorongo yamekauka na gari hupita. Ndiyo miezi ya mashindano ya kwaya, ya semina za vijana, ya akina mama kutembelea wagonjwa na wajane. Tena ndiyo miezi ya kujenga.

Anayetaka kuielewa parokia ya aina hiyo na aende siku ya shukrani ya mavuno. (Wakatoliki husema parokia, Walutheri husema usharika, na Waanglikana nao wana mitaa yao, hapa tunatumia neno moja kwa wote.) Watu huja na walichonacho. Mmoja huleta debe la mtama, mwingine jogoo aliyefungwa miguu, mwingine mbuzi, mwingine karanga ndani ya kanga, na bibi kizee huleta fungu la mlenda mkavu ambalo hapana mtu wa kulicheka. Ibada ikiisha, mnada hufunguliwa uwanjani. Mwenye sauti kubwa hunadi, jogoo hununuliwa, aliyemnunua humrudisha anadiwe upya, na jogoo yule yule anaweza kuliingizia kanisa fedha mara tatu kabla hajapata mwenyewe. Jioni mhazini hutangaza jumla mbele ya watu wote. Hakuna anayeomba nakala ya hesabu, kwa maana kila mtu ameisikia kwa masikio yake.

Nyimbo za siku hiyo nazo zina historia yake. Wagogo ni mabingwa wa muziki, na dunia ililijua hilo kwa sauti na ala za marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003. Wamisionari wengi wa zamani waliitilia shaka ngoma ya wenyeji, wakapendelea tenzi za Ulaya zilizofasiriwa. Siku hizi si ajabu kumwona mama akiwa na ngoma yake ya muheme magotini, ngoma ambayo kwa desturi ni ya wanawake, akiwaongoza wenzake kumsifu Mungu kwa Kigogo. Tunaona wamefanya vyema. Wapenzi wetu wa taarab na maulidi hawatahitaji kuelezwa kwamba ibada hunoga zaidi kwa lahani ya nyumbani.

Sasa tuje kwenye matofali, maana ndiyo hasa yaliyotufanya tushike kalamu.

Mara mavuno yakiisha, mzee wa kanisa husimama baada ya matangazo na kusema kwamba kijiji kinataka zahanati, au nyumba ya mganga, au madarasa mawili. Jumuiya ndogo ndogo hugawiana kazi. Vijana hufyatua matofali mwezi wa Juni na Julai, wakati maji ya mabwawa na ya visima vinavyochimbwa kwenye mchanga wa mito mikavu bado yako karibu. Ukingoja hadi Oktoba, maji hayo ni ya kunywa tu, na ole wake atakayeyamwaga kwenye udongo. Akina mama hubeba maji kichwani. Wengine hukusanya mawe ya msingi, na mchanga husombwa kwa mikokoteni ya ng'ombe na punda. Matofali yakikauka hupangwa tanuri, tanuri likakandikwa udongo na kuchomwa kwa kuni. (Suala la kuni hizo, katika nchi yenye miti haba, linastahili tahariri yake.) Kufikia Septemba kuta zimesimama. Kazi hiyo si ya Wakristo peke yao, kwani zahanati haimwulizi mgonjwa dini yake. Wilayani Kondoa, ambako Waislamu ni wengi, wito wa namna hiyo hutolewa msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na watu huitika vilevile.

Utaratibu unaojulikana nchini ni kwamba wananchi watoe nguvu zao hadi jengo lifike kwenye lenta, kisha Serikali ilete saruji ya kumalizia, mbao, bati, milango na fundi. Ndivyo shule zilivyojengwa kwa wingi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, na ndivyo ilivyotazamiwa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007, uliokusudia kila kijiji kiwe na zahanati. Katika mipango hiyo wananchi walifanya sehemu yao. Sehemu ya pili, mara nyingi mno, ilichelewa. Neno boma, ambalo zama za Wajerumani lilikuwa makao ya mtawala, limepata maana mpya kwenye taarifa za halmashauri zetu: ni jengo lililofika juu, likasimama bila paa. Wabunge huuliza kuhusu maboma katika kila Bunge, na majibu tunayajua sote: fedha zikipatikana.

Ugomvi wetu hapa hauhusu kiasi cha fedha. Unahusu tarehe. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, yaani huanza pamoja na kiangazi cha uwanda wa kati, jambo ambalo ni bahati njema kuliko watu wengi wanavyotambua. Baina ya siku hiyo na mvua ya kwanza kuna miezi mitano. Fedha zikifika Agosti au Septemba, paa hupanda kabla ya Desemba. Zikifika Februari, zinakuta barabara ina tope, fundi yuko shambani kwake, na kuta zilizojengwa kwa tope badala ya saruji zimeanza kulika. Tanuri ambalo halikuwahi kuchomwa limekuwa kichuguu. Shilingi ni ile ile kwenye vitabu vya Hazina, ila kule kijijini imepungua thamani, kwa sababu sehemu yake italipia upya kazi ambayo watu walikwisha kuifanya bure.

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa kwenye daftari lolote. Mwaka unaofuata mzee wa kanisa atasimama tena baada ya matangazo, na watu watatazama nje ya dirisha, kule liliko boma la mwaka jana.

Uwanda huu umekwisha kuonja mipango iliyoandikwa na watu wasiojua mvua yake. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha kilimo kikubwa cha karanga pale Kongwa. Matrekta yaliletwa, reli ikatandikwa, na ardhi ambayo wakati wa mvua ilikuwa laini ikageuka ngumu kama jiwe kiangazi kilipofika, jembe la chuma likakwama. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Wakulima wa Kongwa waliokuwa wakilima karanga zao kwa jembe la mkono hawakuulizwa.

Upo pia mfano wa kinyume chake, nao ni wa nyumbani. Katika Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mwalimu Julius Nyerere alikwenda kukaa Chamwino na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Watu wakiikumbuka picha ile hutaja unyenyekevu wake. Sisi tunaongeza kwamba kiongozi aliyepata kushika kibao cha matofali anajua ni mwezi gani unafaa kwa kazi hiyo, na hahitaji mshauri wa kumweleza.

Wala si kweli kwamba Serikali haiwezi kwenda mbio. Mwezi wa Oktoba 2021 ilitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.3 kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na ndani yake kulikuwa na madarasa 15,000 ya Tanzania Bara yaliyotakiwa kuwa tayari kabla ya wanafunzi kuingia Januari. Fedha zilitumwa wilayani, mafundi wakakesha, madarasa yakasimama. Kilichowezekana kwa haraka ya ugonjwa wa korona kinawezekana pia kwa kuangalia kalenda.

Tunajua hoja za maofisa wa fedha, nasi hatuzidharau. Kodi hukusanywa mwezi kwa mwezi, na Hazina haiwezi kufungua mlango wote Julai. Sheria ya ununuzi ina hatua zake. Lakini hatuombi mlango wote. Majengo ambayo wananchi wamekwisha kuyafikisha kwenye lenta yanahesabika, na kila mkurugenzi wa halmashauri anayo orodha yake. Hayo yatangulie katika robo ya kwanza ya mwaka wa fedha, na matumizi yasiyotegemea mvua, kama vile semina na samani za ofisi, yangoje robo ya tatu. Zabuni za bati na mbao zinaweza kuandaliwa Mei na Juni, wakati bajeti ingali inajadiliwa, ili Julai ibaki kazi ya kutia saini.

Kuna watakaosema kwamba Serikali haina dini na kwa hiyo isijifunge na ratiba ya kanisa. Ratiba tunayoisema imewekwa na mvua. Kanisa linaifuata tu. Zaidi ya hayo, ushirika huu ni wa siku nyingi. Wamisionari wa CMS, waliopita Unguja kabla ya kwenda bara, walifika Mpwapwa mwaka 1876. Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika iliundwa mwaka 1927, na kutokana na kazi ya kanisa hilo kuna hospitali ya Mvumi na shule ya wasioona ya Buigiri, ambazo zimewahudumia watu wa kila dini. Kanisa Katoliki nalo, ambalo Dodoma yake ilifanywa Jimbo Kuu mwaka 2014, lina shule na vituo vya afya vyake. Serikali imetegemea kazi hiyo tangu zama za ukoloni hadi leo.

Jambo moja zaidi tuliseme waziwazi. Wako viongozi ambao hufika parokiani Jumapili ya harambee na bahasha, wakapigiwa vigelegele, wakapigwa picha na kuondoka. Sadaka ni jambo jema kwa kila dini. Hata hivyo mfuko wa bati hamsini anaoahidi mheshimiwa kwenye kipaza sauti haupaswi kuchukua nafasi ya fungu lililopitishwa na Bunge, wala wananchi wasifanywe wamshukuru mtu kwa kitu ambacho ni haki yao katika bajeti.

Nasi visiwani tusijione tuko mbali. Mwaka wetu wa fedha nao huanza Julai. Wananchi wa shehia zetu huanzisha mabanda ya skuli kwa nguvu zao, wakatarajia wizara imalizie, na vuli ya Oktoba haiwasubiri zaidi ya ile ya Desemba inavyowasubiri watu wa Mvumi. Kwa kweli muda wetu ni mfupi kuliko wao: Julai, Agosti na Septemba tu.

Kwa hiyo tunawaomba wabunge wa Unguja na Pemba walio katika kamati zinazoshughulikia bajeti na serikali za mitaa waulize swali moja katika mkutano ujao: katika kila shilingi iliyotengwa kwa kumalizia maboma mwaka uliopita, ni senti ngapi zilizofika wilayani kabla ya tarehe 30 Septemba? Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wawaulize mawaziri wetu swali hilo hilo. Jibu litolewe kwa tarakimu, wilaya kwa wilaya, nasi tutalichapisha katika ukurasa huu.