Uvimbe Usio na Jina Usitiwe Kisu

Mwenyezi Mungu ametupa macho tuone, lakini uvimbe ukimtoka mtoto shingoni tunayafumba. Leo tunasema ni matubwitubwi, kesho ni jino, keshokutwa ni mkono wa mtu. Huyu anabandika majani, yule anachanja chale, na mwezi unakwisha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nani kati yetu hakufundishwa hivyo na bibi yake?

Wapo watakaosema saratani ya nyama laini za kichwa na shingo, ile madaktari waiitayo sarkoma, ni nadra. Ni nadra kweli, na ndiyo maana inatupita machoni! Kwa watoto, inayoonekana zaidi ni rabdomiosarkoma. Hiyo hupenda kujificha nyuma ya jicho, puani au ndani ya sikio. Jicho linatokeza, pua inaziba upande mmoja, sikio linatoa usaha wenye damu, nasi tunanunua dawa ya matone.

Wala si sisi tu tunaokosea. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji huko Kampala. Mwaka 1958 aliandika habari za uvimbe wa taya za watoto wa Kiafrika, akauita sarkoma. Wenye hadubini walipoutazama wakakuta ni limfoma, ugonjwa unaotibiwa kwa dawa, si kwa kisu. Ikiwa bingwa yule alidanganywa na jicho, sembuse mimi na wewe?

Na hapa siwezi kuwanyamazia baadhi ya matabibu wetu. Nimeona kwa macho yangu uvimbe wa shavu la kijana ukikatwa na kutupwa kwenye ndoo. Miezi mitatu haikupita, ukarudi mkubwa kuliko wa kwanza, na hakuna aliyejua ulikuwa nini. Kinyama kile kilistahili chupa ya fomalini ya kukifunika vizuri, yenye jina la mgonjwa, kiende maabara ya patholojia. Haraka ile ilikuwa na baraka gani?

Watendao haki ni wengi, Mungu awalipe. Hupiga picha, huchukua kipande, hungoja jibu, kisha mpasuaji hukaa na wenzake wa mionzi na wa dawa, kwani shingoni mishipa imebanana na kisu kikikosea hakuna pa kurudia.

Mama, baba, uvimbe ukipita wiki mbili bila kupungua, nendeni hospitali. Ukikatwa, ulizeni bila haya: kipande kimepelekwa wapi, na jibu linatoka lini?