Vijia vya Mbau visisahaulike



Ukimwomba kijana wa Mbau akuelekeze njia, atakutajia barabara ya Beni hadi Oicha, na ile inayotokea hapa kwetu kuelekea Kamango. Vijia vya miguu vya kwenda mashamba ya kakao na mitoni havijui. Simlaumu. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 wazazi wengi wamewakataza watoto kuvipita, nao walifanya vema.

Lakini kijia kisichopitwa humezwa na majani kwa misimu michache tu, nacho mara nyingi ndicho mpaka wa shamba na shamba. Waliokimbia watakaporudi, nani atasema kilipita wapi? Mjane ndiye atakayenyang'anywa kwanza.

Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1949 iliagiza vijia vya umma vichorwe katika ramani, na wanavijiji wakavikagua kwa miguu. Kijia kilichomo ramanini ni cha wote, hata kikikata shamba la mtu, na mwenye shamba haruhusiwi kukifunga. Leo watu huvitembea kwa kujiburudisha tu. Kwetu hilo lingali mbali.

Sisi hatuwezi kuvikagua kwa miguu, wala asijaribu mtu. Tunaweza kuketi na wazee waliokimbilia Beni na Oicha. Kila kikundi kichukue daftari, kiandike jina la kijia, vivuko vyake, na mashamba ya nani yalipakana nacho. Daftari likae parokiani. Lisipigwe picha na kusambazwa kwa simu, kwa sababu mnazozijua. Tuanze na wazee walio dhaifu zaidi, Jumapili hii baada ya Misa.