Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Tanzania: Juu ya Malezi ya Wale Watakaoongoza Mahakama Mtandao

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Naomba ruhusa, mimi karani niliyekula chumvi nyingi katika masijala za mahakama hata nikastaafu, nikuandikie mbele ya umma jambo ambalo limenikaa kifuani kwa muda mrefu. Nalo si malalamiko juu ya mitambo iliyoletwa mahakamani, ambayo faida yake nimeiona kwa macho yangu, bali ni haja ya kuwatafuta tangu sasa, na kuwalea kwa makusudi, wale watakaoiongoza.

Nilipoanza kazi, muhuri wa tarehe ulikaa juu ya meza ya karani, na karani yule, ijapokuwa cheo chake kilikuwa kidogo, alijua kwamba kuugonga ni tendo la sheria. Kwani tarehe ile ndiyo itakayosema kama rufaa imeletwa ndani ya muda au imechelewa, na kwa kuchelewa siku moja tu mtu huweza kupoteza shamba alilorithi kwa babu yake. Hayo hakuyasoma darasani. Aliyapata kwa karani mkubwa aliyeketi ubavuni mwake, akimsahihisha na kumkemea, mpaka amana ya kazi ikamwingia moyoni. Leo muhuri ule umehamia ndani ya mashine, wala sioni nani aliyeketi ubavuni mwa kijana anayeilinda.

Niruhusu nitoe mfano ambao Mheshimiwa waujua kuliko mimi. Upo uamuzi wa Mahakama ya Rufani, uliochapishwa katika juzuu ya hukumu za mwaka 1992, usemao kwamba shauri huhesabiwa kuwa limefunguliwa siku ile ada ilipolipwa, si siku karatasi zilipopokewa masijala. Kisha zikaja Kanuni za Usajili wa Mashauri kwa Njia ya Kielektroniki, Tangazo la Serikali Namba 148 la mwaka 2018, nazo zikasema kwamba hati iliyotumwa kwa mtandao kabla ya saa sita ya usiku imefunguliwa siku ile ile ilipotumwa. Basi mtu akituma hati yake saa tano usiku, siku ya mwisho aliyopewa na sheria, naye akapata namba ya malipo kesho yake adhuhuri, akalipa papo hapo, je, amewahi au amechelewa? Mawakili wamelibishania jambo hili kwa hoja nzito za pande zote mbili, na Majaji wa Mahakama Kuu nao wamepata kukhitilafiana.

Lakini tazama, Mheshimiwa, mahali ambapo fumbo lenyewe limezaliwa. Ikiwa programu imeagizwa isitoe namba ya malipo mpaka afisa wa masijala aikubali hati, na afisa yule amekwenda nyumbani kwa kuwa ni usiku, basi agizo lile dogo, lililoandikwa na fundi ambaye huenda hajapata kuisikia Sheria ya Ukomo, lina uzito wa kanuni, ingawa hakuna Jaji aliyelitia saini wala Gazeti la Serikali lililolitangaza. Fundi hakukosa, maana hakuambiwa. Na mwanasheria hakuliona, kwa sababu limefichika mahali ambapo yeye hafiki. Kati ya watu wawili hao pana nafasi tupu, na humo ndimo haki ya mnyonge inamopotelea. Kiongozi ninayemtaka ni yule awezaye kusimama katika nafasi hiyo, akaisoma kanuni na akaisoma programu, kisha akamwambia Msajili kwa ujasiri kwamba hapa mtambo unasema neno ambalo sheria haikulisema.

Watu wa namna hiyo si ndoto. Mwaka 2000, katika Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu, Jaji Nsekela aliletewa kumbukumbu za benki zilizotoka katika kompyuta, wakati ambapo Sheria ya Ushahidi ilizungumza juu ya madaftari ya benki, wala haikuitaja mashine. Naye, badala ya kuzitupa, alipima maana na makusudio ya sheria akazipokea. Bunge lilikuja kuirekebisha sheria hiyo mwaka 2007, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ikafuata mwaka 2015. Jaji mmoja mwenye fahamu pana alitangulia kwa miaka saba. Je, tumeandaa wangapi wa kumfuata?

Na liko la lugha, nalo lanigusa zaidi kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, na mitambo ya kunukuu na kufasiri yasemwayo barazani imekwisha kuanza kutumika. Ni neema kubwa, kwani hakimu aliyekuwa akiandika kwa mkono kila neno la shahidi atapata wasaa wa kumtazama shahidi usoni. Walakini mashine haizaliwi na lugha, hufundishwa. Na mwalimu wake asipojua kwamba mwenendo wa shauri si tabia ya mtu, na kwamba kukazia hukumu si kuifanya iwe kali, na kwamba hiba si wasia na wakfu si hiba, atamfanya mjane wa Pangani aonekane amesema jambo ambalo hakulisema, katika shauri la mirathi ya mumewe.

Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi alikuwako kijana wa TEHAMA, mwepesi wa akili na mwingi wa adabu, ambaye kwa hiari yake, baada ya saa za kazi, alibuni njia ya kuyafuatilia majalada yaliyopotea kati ya masijala na chumba cha hakimu. Nilikaa naye jioni nyingi nikimweleza safari ya jalada tangu kufunguliwa hata kuhifadhiwa, naye akiuliza maswali ambayo mahakimu hawakupata kuniuliza. Wakubwa wetu hawakumwita ila mashine ya kuchapia ilipoishiwa wino. Alivumilia, kisha akaondoka, na maarifa yale akaondoka nayo.

Mheshimiwa, fedha za maboresho, pamoja na mkopo wa Benki ya Dunia tangu mwaka 2016, zimetupa majengo na mitambo. Lakini kila mradi una tarehe yake ya kufungwa, na mkandarasi akifunga virago hubaki sisi. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kipo Lushoto, kimeundwa kwa sheria ya mwaka 1998, na jina lake lenyewe lataja uongozi. Naomba kila mwaka wachaguliwe vijana wachache, mahakimu, makarani na maafisa wa TEHAMA, waketi darasa moja. Afisa wa TEHAMA apelekwe masijala miezi kadhaa apokee hati na kukutana na wadaawa, na hakimu naye ajifunze jinsi kanzidata inavyojengwa na jinsi siri za watu zinavyohifadhiwa humo. Wakihitimu, wapewe viti katika kamati zinazotunga kanuni, na sauti katika mikataba ya mitambo kabla haijatiwa saini, tena wapandishwe vyeo kwa njia hiyo hiyo, wasilazimike kuikimbia ili wakue.

Makarani tuliogonga muhuri kwa mkono tumebaki wachache, na wengine tumekwisha kustaafu. Nguvu za kuupanda mlima wa Lushoto tungali nazo. Tafadhali, darasa hilo na lianze tukingali hai, utuite tukafundishe.

Ni mimi mtiifu wako,
Karani mstaafu wa masijala,
Tanga