Uturi unaostahimili jua la Lodwar

Msomaji mpenzi, nilipowadokezea wenzangu ofisini kwamba juma hili ukurasa wetu utakuwa wa manukato ya Lodwar na Kakuma, mmoja wao alicheka hata akamwaga chai. Kwake yeye Turkana ni ukame, mbuzi na lori la mahindi ya msaada. Nani huko, akauliza, ana nafasi ya kujitia uturi? Nami nikuulize wewe uliyejinyoosha sebuleni Buruburu au Kisauni Jumapili ya leo: ni wapi mtu huhitaji harufu nzuri kuliko pale ambapo maji ya kuoga hupimwa kwa kikombe?

Kwanza tuelewane. Sisemi yale manukato ya kupuliza, ambayo sehemu kubwa ni spiriti. Spiriti ikipata joto huruka, na ikiruka huondoka na nusu ya ulichonunua. Nasema mafuta yenyewe, yale yauzwayo katika vichupa vya mililita 3, 6 au 12, na hicho cha 12 wauzaji wengi hukiita tola, kipimo cha wafua dhahabu wa Kihindi. Hayana spiriti, ndiyo maana Waislamu wengi huyapenda zaidi kwa kwendea msikitini. Ukiyapaka hayapigi kelele. Hukaa karibu na ngozi, na aliye mbali hana habari mpaka umpe mkono.

Vichupa sita nilivinunua Eastleigh, Nairobi, nikavifunga ndani ya soksi, nikapanda basi la Kitale na kuendelea hadi Lodwar. Nia yangu ilikuwa moja: kujua yapi yanamfaa mtu wa kawaida katika joto lisilo na huruma. Mchana wa Lodwar huwa nyuzi 35 hivi, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 tu, ambapo Nairobi hupata zaidi ya mara nne ya hiyo. Mahali kama hapo mafuta hukutana na maadui watatu kwa mpigo. Joto huyarusha upesi, ngozi kavu huyanywa, na hewa kavu huifanya hata pua yako mwenyewe iwe butu.

Nilianza na asumini, maana ndiyo niliyoipenda dukani. Kufikia saa nne asubuhi, nikiwa karibu na daraja la mto Turkwel, ule utamu ulikuwa umegeuka kitu kizito chenye harufu kama ya vile vidonge vyeupe tuwekavyo kabatini kufukuza nondo. Usidhani niliuziwa bandia. Ndani ya ua la asumini mna kitu kiitwacho indoli, ambacho kikiwa kidogo huongeza uhai na kikizidi hunuka vibaya, na jua la Lodwar hukitoa chote nje. Pwani, jioni, kwenye upepo wa bahari, asumini ni malkia. Huku juu mwache apumzike mpaka jua litue.

Halwaridi ilifanya vyema kuliko nilivyotarajia, ila haikufika adhuhuri. Miski nyeupe nayo ilinipa kitendawili. Mimi niliisikia siku nzima, safi kama shuka lililoanikwa, lakini mwenyeji wangu alininusa kifundo cha mkono mara tatu na kuapa kwamba sijapaka kitu. Hakuwa akinitania. Kuna watu ambao pua zao hazisikii kabisa baadhi ya miski za maabara, na siku hizi karibu miski yote iuzwayo ni ya maabara. Ile ya kale ilitoka katika tezi ya paa dume wa milima ya Asia, na biashara yake sasa imebanwa na sheria za kimataifa. Kwa hiyo ukimnunulia mwenzako miski kama zawadi, mnusishe kwanza.

Halafu udi. Lo! Udi halisi ni utomvu ambao mti wa mashariki ya mbali huutoa unapougua kwa kuvu, na bei yake ni ya kutisha. Kichupa changu hakikuwa na bei ya kutisha, kwa hiyo sijidanganyi kwamba kilikuwa na udi mwingi. Hata hivyo dakika kumi za mwanzo kilitoa harufu ile ile ya zizi ambayo mashabiki wa udi huisifu. Nairobi watu kwenye matatu wangefungua madirisha. Lodwar, siku ya soko la mbuzi, hakuna aliyegeuza shingo. Baadaye ukatulia, ukawa kama ubao wa mlango wa kale uliopakwa asali, na jioni nilipovua shati ulikuwa ungali kolani.

Hapo nikaanza kuona mstari. Maua yalikuwa yakifa mapema. Miti, utomvu na moshi vilikuwa vikidumu. Na ukiangalia, watu wa nchi kavu wamelijua hilo tangu zamani bila kusubiri mimi na soksi yangu ya vichupa. Waturuki wa jadi, samahani, Waturkana (mhariri wangu huvichanganya vitu hivi kila mara) walijipaka mafuta ya mifugo na udongo mwekundu, na mafuta ya mnyama hushika harufu kuliko ngozi tupu. Jaribu mwenyewe: paka mafuta mazito ya kawaida ya kujipaka kwenye kifundo kimoja, kingine kiache kikavu, kisha utie tone moja la uturi kila upande. Mimi nilifanya hivyo kwa halwaridi ile ile iliyokuwa ikikata roho kabla ya adhuhuri. Upande wenye mafuta ulifika saa tisa.

Jambo moja la usalama kabla sijasahau, hasa kwenu wanafunzi mnaopenda kuchanganya vitu. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka maganda ya ndimu yana harufu ya kuburudisha kweli, lakini ukiyapaka ngozini kisha ukatoka juani yanaweza kukuchoma na kukuachia baka jeusi la majuma mengi. Yatie kwenye leso ya mfukoni, ngozini usiyaguse. Na mafuta yoyote mapya yajaribu kwanza ndani ya kiwiko, ungoje siku nzima.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita kama 120. Kambi ilianza mwaka 1992 kwa kuwapokea watoto na vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu kukimbia vita, kisha wakaja Waethiopia, Wasomali, Wakongo, Warundi na wengine, na leo Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei yana watu zaidi ya 200,000. Ukiingia sokoni, pua yako itakutangulia. Kwa Waethiopia ubani hutiwa kwenye makaa wakati buni inakaangwa, na nadhani hata asiyekunywa kahawa angeketi. Mbele kidogo ni Wasomali na uunsi wao.

Uunsi si udi wa vijiti. Ni sukari iliyopikwa ikachanganywa na utomvu, vipande vya miti na mafuta ya manukato, ikakauka na kuvunjwa vidonge vidogo. Hufukizwa katika chetezo kiitwacho dabqaad, na vile vizuri kabisa huchongwa kutoka jiwe jeupe laini la El Buur, katikati ya Somalia. Wanawake wa Sudan nao wana dukhan. Mama huketi juu ya shimo dogo lenye moshi wa mti wa mgunga uitwao talih, amejifunika blanketi, hata ngozi ikabadilika rangi na kunukia kwa siku kadhaa. Wana pia khumra, mafuta mazito yaliyoachwa yavunde na kuiva, ambayo kwa mila ni ya mwanamke aliyeolewa. Nilinusishwa kwa ncha ya kidole tu, nikaambiwa hiyo yatosha kwa mgeni.

Mama mmoja wa Kisomali mwenye kibanda cha uturi alinipa kigoda na chai ya maziwa, nikakaa naye tangu asubuhi hadi alasiri. Mwaka 2025 mgao wa chakula kambini ulikatwa tena kwa kuwa fedha za wafadhili zilipungua, nami nilitaka kujua biashara ya harufu inaishije katika hali hiyo. Alinionyesha kijiko. Zamani, alinieleza, wateja wake walinunua uunsi kwa mkebe. Sasa wananunua kwa kijiko, kimefungwa katika kipande cha gazeti, na kijiko kimoja ni jioni mbili. Wamepunguza, lakini walioacha kabisa ni wachache. Mafuta naye huyauza kwa tone: unanyoosha mkono, anakugusa kwa kifimbo cha kioo, unalipa shilingi chache, unakwenda.

Nilipokuwa hapo alikuja mwanamke na mtoto mgongoni, akanunua kijiko chake. Mzee aliyekuwa kwenye kivuli akamkaripia: fedha hiyo si ingenunua maharagwe? Mwanamke hakumjibu. Alifunga kile kikaratasi katika ncha ya mtandio wake akaenda.

Msomaji, ninajua wengi wenu mngekuwa upande wa yule mzee, na sina ugomvi na hesabu yake. Maharagwe ni maharagwe. Lakini nilimuuliza mama wa kibanda, akanieleza hesabu ya pili ambayo mzee hakuifanya. Debe la lita 20 likigawanywa kwa kupika, kunywa, kuosha vyombo na kumtawaza mtoto mchanga, la kufulia halibaki. Nguo ikitandazwa juu ya chetezo, jasho la jana linafunikwa, blanketi la mtoto linanukia, na mama anaweza kuketi na majirani bila kujikunyata pembeni. Moshi si sabuni wala hauui ugonjwa, na mtoto asifukiziwe karibu na pua, hilo alilisema yeye mwenyewe kabla yangu. Ila ukimwambia mtu aache mpaka ashibe ndipo anukie, umemwambia akae pembeni kwa muda gani?

Baadaye akaja msichana aliyevaa sketi iliyopigwa pasi ikanyooka, anakwenda kufanyiwa usaili wa kazi ya kufundisha shule ya msingi. Alikuwa na haya ya kuuliza bei. Mama alimshika mkono, akamgusa tone moja nyuma ya kila sikio, akamsukuma begani aondoke asije akachelewa. Hakuchukua senti. Yalikuwa mafuta ya manemane, machungu kidogo mwanzoni, kisha matulivu kama nyumba iliyofagiliwa. Kwa maoni yangu ndiyo yaliyolishinda jua la huko kuliko yote niliyojaribu. Nilipakwa saa tano, nikalala nayo.

Hapa nina lalamiko kidogo. Miti ya jamii ya ubani na manemane huota yenyewe kaskazini mwa nchi hii, kuanzia Turkana kupita Marsabit hadi Wajir na Mandera. Wachungaji na akina mama huokota utomvu wake wakichunga, wakauza kwa kilo ukiwa mbichi. Halafu sisi mjini tunanunua kichupa cha mililita 3 kilichoandikwa kwa maandishi ya dhahabu kutoka Dubai. Ukweli ni kwamba kukamua mafuta hayo kwahitaji mtambo wa mvuke, maji mengi na mnunuzi wa uhakika, na maji ndiyo hayo tumekwisha yasema. Msandali wetu wa porini ulipata balaa kubwa zaidi. Uling'olewa na mizizi yake kwa magendo hata Kenya ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa katika orodha ya CITES. Ukiuziwa mafuta ya "sandali ya Kenya" kichochoroni, uliza maswali.

Kichupa cha sita sikuwa nimekitaja. Kiliandikwa mitti, yaani udongo kwa Kihindi, na hutengenezwa Kannauj, kaskazini mwa India. Wao huuchoma udongo wa mfinyanzi, wakaupika katika sufuria za shaba, na mvuke wake wakaupokea ndani ya mafuta ya sandali. Harufu yake ni ile ya tone la kwanza la mvua kwenye ardhi iliyoungua. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa harufu hiyo jina la kitaalamu, lakini watu wa Kannauj walikuwa wakiiuza kitambo.

Alasiri nilikifungua kibandani. Mama alinusa, akafumba macho, akampitishia mwanamke wa Kituruka, tena mhariri asome vizuri, wa Kiturkana, aliyekuwa ameleta mzigo wa kuni kuuza. Yule mama wa kuni alikishika kwa vidole viwili. Akanusa mara moja, akatoka nje ya kibanda, akatazama juu upande wa milima. Aliporudi alisema neno, na kijana wa jirani akanitafsiria: anauliza imenyesha wapi.

Mama wa kibanda aliniuliza nimekinunua kwa shilingi ngapi. Nilipomwambia, alikifunga kizibo taratibu, akanirudishia.